Adapta ya 80,000 na mnara uliogeuka uji

Lenzi yenyewe sina ugomvi nayo. Ni Helios 44-2, ya enzi za Wasovieti, mjomba aliniachia ikiwa bado imeng'ang'ania kwenye Zenit yake, kamera iliyokufa zamani. Ugomvi wangu ni na kipete kimoja cha chuma, na yule aliyeniuzia.

Miezi mitatu hivi iliyopita, labda minne, niliingia duka la kamera katikati ya Kampala, nikaweka mezani Nikon yangu na ile Helios. Nikaomba adapta ya M42, yaani kipete cha kuifungia lenzi ya skrubu kama hii kwenye Nikon. Kijana hakunyanyua hata macho kwenye simu. "Ipo. Elfu themanini."

Nakiri, ilizunguka vizuri na kukaza. Jioni nikapanda juu ya nyumba, huku kwetu Mengo, nikaelekeza kwenye mnara wa msikiti wa Old Kampala. Nikazungusha pete ya fokasi mpaka mwisho kabisa, kwenye ile nane iliyolala, alama ya vitu vya mbali. Mnara ukawa uji. Nikafuta lenzi kwa shati. Uji. Kaloli, yule korongo mkubwa, aliyetua juu ya bati la jirani, naye uji. Mtoto wa dada yangu akaja kusimama karibu, hatua mbili tu, na kope zake nikaweza kuzihesabu!

Kesho yake nikarudi dukani. "Mzee, adapta haina shida. Hiyo lenzi ya makumbusho ndiyo imekufa." Akacheka, na wateja wawili wakacheka naye. Kilichoniuma ni kwamba nilimwamini. Siku kadhaa nilikuwa naimulika Helios ya marehemu kwa tochi nikitafuta ukungu ambao haukuwemo.

Kumbe ni hesabu ya mtoto wa shule. Lenzi ya M42 inataka kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Mdomo wa Nikon F, pale lenzi inapofungwa, uko milimita 46.5 kutoka kwenye sensa. Yaani imeshasogezwa mbali kabla hujaweka adapta yoyote, na chuma hakipunguzi umbali, kinaongeza. Mwenye Canon EF ana 44, adapta inajaa pale pale. Mwenye Sony E ana 18, nafasi tele. Muuza viatu hajui namba za viatu?

Nilipomrudia na hesabu hiyo ndipo "akakumbuka" kuwa anayo nyingine, yenye kioo ndani cha kurekebisha umbali huo. Akachukua ile ya kwanza, nikaongeza 50,000. Mnara ukaonekana, ndiyo, lakini nikifungua tundu la lenzi mpaka mwisho, f/2, ni kama napiga picha kupitia dirisha la teksi lenye vumbi la Masaka Road. Msinunue. Hiyo yenye kioo hasa, msiiguse.

Kwa hasira nikakifungua kile kioo, nikakitupa kwenye droo. Nikabaki na adapta sawa na ile ya kwanza, kwa 130,000.

Halafu juzi mama alikuwa anachambua maharage mlangoni. Nikakaa mbele yake, kama mita moja na nusu, nikampiga picha. Mikunjo ya vidole, mwanga kwenye ungo, na nyuma yake majani ya mgomba yamezunguka kama maji. Lenzi yangu mpya haijawahi kunipa kitu kama hicho. Sasa niseme nini? Kwa sura za watu, basi nunueni, lakini ile isiyo na kioo. Ila dukani kwa yule kijana sinunui tena hata kifuniko.