Kabla ya Kulipia Tovuti, Uliza Domeni Ni ya Nani

Nililipa shilingi 28,000 katika ofisi moja hapa Kisumu nijengewe tovuti ya mapishi yangu: omena, mbuta, osuga, apoth. Ilipendeza. Mwaka wa pili nikataka kuhama, ndipo nikagundua domeni, yaani anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la fundi. Akanidai pesa nyingine ili aniachie jina nililolibuni mwenyewe. Nilikataa. Mapishi ya miezi kumi na minne yamebaki kwake, na wateja wakifungua anwani ile wanakuta ukurasa mweupe.

Tangu nisimulie kisa hicho, wasomaji wa Kakamega, Bungoma na Nakuru wameniletea chao kinachofanana nacho. Kwa hiyo rangi na aina ya herufi sivigusi leo. Hivyo utabadilisha jioni moja. Nauliza jambo moja tu: siku ukiondoka, unatoka na nini?

Kati ya njia za kujenga tovuti, ya kwanza kwangu ni WordPress, programu ya kujengea tovuti, unayoiweka mwenyewe kwenye hostingi ya kulipia, yaani nafasi ya kukodi kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti; na siyafichi mapenzi yangu. Programu yenyewe imekuwa bure tangu 2003; unalipia domeni na hostingi. Makala zako ziko kwenye hifadhidata, picha kwenye folda ya wp-content/uploads. Nakili vyote viwili. Wengi huchukua lile faili la XML la kuhamishia makala pekee, wakifika kwingine hawana picha hata moja, kwa sababu faili hilo hubeba maandishi na viungo tu. Kwa themu, yaani vazi la tovuti, GeneratePress ya bure inatosha, ni nyepesi kwa mtu wa bando ndogo. Ukitaka kugusa msimbo wake, tengeneza kwanza themu-mtoto, yaani themu ya pembeni inayobeba mabadiliko yako; ukihariri themu yenyewe, sasisho likija linafuta kazi yako.

Domeni ya .co.ke inunue mwenyewe kwa msajili aliyeidhinishwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, kwa barua pepe yako na simu yako. Fundi mfungulie akaunti yake ndani ya WordPress, akimaliza uifute. Utaulizwa makala zilizo chini ya jina lake ziende kwa nani. Chagua jina lako. Akaunti ya msajili asiione kabisa.

Ya pili ni WordPress.com, huduma ya kampuni inayokutunzia WordPress kwenye seva zake. Seva si shida yako, na makala hutoka bila vita, ila mpango wa bure una matangazo na anwani yenye jina lao. Blogger ya Google ni ya tatu: bure, inakubali domeni yako, yamfaa anayeanza. Wix naiweka mwisho. Kuijenga ni rahisi, lakini wenyewe wanasema tovuti yao haihamishiki kwenda seva nyingine, na kwangu mjadala unaishia hapo.

Sasa bei. Ile ya hostingi iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya mwaka wa kwanza tu. Yangu ilipanda kutoka 2,400 hadi 5,900 bila hata ujumbe wa simu. Uliza bei ya kuhuisha kabla hujaweka PIN ya M-Pesa. Na kuna mafundi wanaokuwekea themu ya wizi, ambayo mara nyingi huja na virusi ndani, kisha wanakutoza pesa ya leseni kila mwaka. Mwambie akuonyeshe risiti ya leseni yenye jina lako. Asipokuwa nayo, usimlipe hata shilingi.