Kulala Saint-Jean Kabla ya Camino: Usiulize Feni, Uliza Blanketi

Watu wa Mombasa wanaorudi kutoka Camino, ile njia ya mahujaji ya kutembea hadi Santiago, Uhispania, hawalalamikii miguu. Malengelenge waliambiwa mapema, wakajiandaa nayo. Lalamiko linalojirudia kwenye barua za wasomaji ni la usiku wa kwanza, kabla safari yenyewe haijaanza. Msafiri ameondoka Moi, amebadilisha ndege, amepanda treni ya saa nzima kutoka Bayonne, amefika Saint-Jean-Pied-de-Port, mji wa Ufaransa ambako wengi huanzia, jioni na manyunyu, kisha akaonyeshwa kitanda. Ni dabodeka yenye godoro la plastiki, mto, na shuka la karatasi lililokunjwa kama kitambaa cha mezani. Basi. Blanketi hakuna, na mwenye nyumba anashangaa kwa nini anaulizwa.

Mtu wa Pwani akitafuta mahali pa kulala huuliza feni, neti na maji kama yanatoka. Kipupwe kikikaza mwezi wa saba tunajitanda leso na kunung'unika, ilhali kipimo bado kiko nyuzi ishirini na kitu. Saint-Jean usiku wa Aprili huweza kushuka chini ya nyuzi 10 bila mtu yeyote kuona ajabu. Roncesvalles, upande wa Uhispania, unakolala usiku unaofuata, iko mita 950 hivi juu ya bahari, na hewa hupoa karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Miongozo ya Wazungu inasema beba mfuko mwepesi wa kulalia. Mwepesi kwa nani?

Kwa hiyo hapa hatutapoteza muda na waifai wala kifungua kinywa. Na "karibu na katikati ya mji" usilipie hata senti: Rue de la Citadelle, mtaa wa mawe ambako mabweni mengi yamejipanga, unaupanda kwa dakika kumi, na ofisi ya mahujaji iko hapo hapo, namba 39. Hapo ndipo unapochukua credencial, ile pasi ya kugongwa mihuri hadi Santiago, kilomita 780 mbele.

Mablanketi yalitoweka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kunguni, ambao hatuhitaji kufundishwa. Blanketi la bwenini hupita kwa watu 30 kwa mwezi, na ili kuua kunguni na mayai yake lazima lifuliwe kwa maji ya moto sana na kukaushwa kwa joto kali. Shuka la karatasi linatupwa asubuhi, yameisha. Ya pili ni korona: mwaka 2020 mabweni mengi yaliondoa mablanketi kwa agizo la afya, na baadhi hayakuyarudisha, maana waligundua kazi imepungua na bei haijashuka.

Ukiambiwa kuna hita, uliza inawashwa hadi mwezi gani. Nyumba nyingi za mtaa ule ni za mawe, kuta nene, na kuta za mawe hushika baridi kama zile za Mji wa Kale zinavyoshika joto. Mei hita huweza kuwa imezimwa, na ndani pakawa baridi kuliko nje.

Si suala la starehe tu. Siku ya kwanza ni kilomita 25: unaanza mita 170 hivi, unapanda hadi zaidi ya 1,400 pale Col de Lepoeder, halafu unateremka kwa kasi msituni. Aliyetetemeka usiku kucha hajalala, na mwili umeshachoma akiba yake. Akipanda anatoka jasho, nguo zinalowa, akifika juu anakutana na upepo na ukungu. Hapo baridi huingia mwilini kweli: mikono haifungi zipu, ulimi unakuwa mzito, na mtu anaanza kubisha kwamba yuko sawa. Akibisha hivyo, mbadilishe nguo kavu, umpe kitu cha moto na cha sukari, msiendelee kupanda.

Sasa, kuuliza. Ukiwaandikia Wafaransa, neno ni "couverture", yaani blanketi. Mtego uko kwenye "linge de lit": mara nyingi ni mashuka na foronya tu, nawe umejibiwa "ndiyo, yapo" ukafurahi bure. Jibu unalolitaka ni "couette", duveti. Upande wa Uhispania blanketi ni "manta", duveti ni "edredón", na mtego wao unaitwa "ropa de cama". Andika kwa ufupi: "Y a-t-il une couverture ou une couette pour chaque lit ?" Sisitiza "kila kitanda", kwa sababu kuna nyumba zenye mablanketi sita kwa vitanda ishirini, anayewahi kufika ndiye anayejifunika. Nyingine huyakodisha kwa euro chache. Hilo si baya mradi liandikwe mapema. Na picha zisikudanganye. Kile kitambaa chekundu kinachovuka miguuni mwa kitanda ni pambo. Hakifuniki hata magoti.

Ukikosa uhakika, beba mfuko wako, na hapa sifichi upendeleo: Decathlon, maduka ya vifaa vya michezo. Wana duka Nairobi, na kinachonivutia ni kwamba namba iliyo kwenye jina la mfuko ni nyuzi za kulala kwa raha. Kampuni nyingi huandika kwa herufi kubwa namba ya kutia moyo. Lebo ya kipimo cha Ulaya ina namba tatu: ya raha, inayopimwa kwa mwili wa mwanamke wa wastani, ya kikomo, inayopimwa kwa mwanamume aliyejikunja, na ya mwisho kabisa, ambayo maana yake ni kwamba huenda usife. Nunua kwa namba ya kwanza peke yake. Kwa aliyezoea Mombasa, anayeondoka Aprili, Mei au Oktoba, mfuko wa raha nyuzi 5 unatosha. Wa nyuzi 15 ni wa Agosti. Kongowea mifuko ya mitumba hupatikana ukibahatika, ila ifinye: sufi iliyojikusanya kwenye pembe haitoi joto, hata kama lebo inasema nyuzi 0.

Na beba leso, jozi nzima. Moja iingie ndani ya mfuko iwe shuka, huongeza joto kidogo na mfuko hauchafuki. Ya pili ni taulo, pazia la kitanda cha chini, na ya kujitanda ukienda msalani usiku. Wanaouza "shuka la hariri la msafiri" kwa bei ya mbuzi hawajui leso.

Haya, kati ya mahali pa kulala, nafasi ya kwanza naipa chambre d'hôtes ya Saint-Jean, yaani chumba katika nyumba ya mtu, kwa usiku mbili. Kitanda kina duveti, mlango ni wako, na nguo zilizolowa unazitandaza bila kugombania kamba. Chumba cha watu wawili ni mara chache kishuke chini ya euro 60, na hilo linauma. Lakini usiku mbili zina hesabu yake. Si kwa sababu ya kuchanganyikiwa na saa, kama Wamarekani wanavyoshauriana. Mombasa na Ufaransa wakati wa kiangazi tunapishana saa moja. Ni kwa sababu zinakuruhusu kuugawa ule mlima. Kampuni ya Express Bourricot, inayosafirisha mizigo ya mahujaji, hubeba pia watu. Siku ya kwanza unapanda kilomita 8 hadi Orisson, kituo cha mlimani, na begi dogo, unateremshwa kwa gari, unalala tena chini ya duveti ile ile. Kesho yake unapandishwa hadi ulipoishia, unamalizia kilomita 17 ukiwa na nguvu. Weka nafasi ya gari siku iliyotangulia au mapema zaidi, na uwe kituoni kabla ya saa mliyopatana. Dereva hapandi mlima kukutafuta.

Angalia saa pia. Wao huandika 14h kwa saa nane mchana na 22h kwa saa nne usiku. Kuna aliyesoma "mapokezi hadi 19h" akadhani ana usiku mzima. Kumbe ni saa moja jioni, na treni yake ikaingia baadaye. Ukijua utachelewa, tuma ujumbe ukiwa bado Bayonne.

Ya pili ni Orisson yenyewe. Refuge, yaani bweni la mlimani, iko karibu mita 800 juu, kitanda kinaenda pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa, na baada ya kula kila mtu husimama kutaja jina na alikotoka. Mahali pa aina hiyo kwenye mteremko ule ni pachache, kwa hiyo vitanda huisha miezi kabla, hasa vya Mei na Septemba. Oga haraka: maji ya moto ni kwa kidude cha kutumbukiza, dakika tano, kisha yanakatika ukiwa na sabuni machoni. Suala la blanketi waulize kwa maandishi kama wengine, maana huko juu upepo wa usiku haubembelezi. Ningeipa nafasi ya kwanza kama ingepatikana. Asiyekula nguruwe aseme siku ya kuweka nafasi, si mezani. Bayonne ni mji uliojijengea jina kwa paja la nguruwe, na "jambon" huingia hata kwenye supu.

Roncesvalles ni ya wasiotaka mlima kabisa. Unafika kwa basi kutoka Pamplona, unaanzia upande wa Uhispania, na Camino yako ni halali kama ya mwingine. Bweni la Colegiata, kanisa la hapo, lina vitanda 183, limepangwa vizuri, wanaopokea wageni ni wa kujitolea kutoka Uholanzi, na jioni kuna misa ya kuwabariki mahujaji. Taa huzimwa saa nne usiku. Tatizo ni lile lile, na hapa ni kali zaidi kwa sababu ya kimo: fika na mfuko wako, usitegemee cha kuazima.

Gîte, yaani mabweni, za watu binafsi mtaani Saint-Jean zinafuata. Zipo nzuri sana na zipo za ajabu, kwa bei ile ile. Kinachozitenganisha ni jibu la swali la blanketi. Asiyejibu kwa siku tatu umeshamjua. Ukipewa kitanda, usiweke begi juu yake. Kwanza inua godoro, angalia mishono na pembe kwa tochi ya simu: vidoti vyeusi kama vya kalamu ni choo cha kunguni.

Bei rahisi kabisa ni bweni la manispaa, namba 55 mtaa ule ule. Ni safi kiasi chake, ila kwa desturi ni la anayewahi, huweki nafasi, kwa hiyo halikusaidii kwenye viza.

Viza ndiyo inayotupandishia gharama kuliko hata duveti. Ombi la Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, linataka ushahidi wa mahali pa kulala, bima ya euro 30,000, na ada iliyopanda hadi euro 90 tangu Juni 2024. Wengi wanaona usiku wa kwanza ni Ufaransa wanakimbilia huko. Siyo. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na Camino karibu yote iko Uhispania. Safari ya Nairobi ni lazima, nauli ni yako. Weka nafasi zinazoweza kufutwa bila malipo kwa ajili ya fomu, zikiwemo usiku za kwanza, kisha zipange upya viza ikitoka. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Usingoje wiki za mwisho.

Kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi njia ya juu hufungwa kwa sheria, hivyo mpango wa Orisson haupo. Utapita bondeni, na bweni la kugawia safari liko Valcarlos, kilomita 12 hivi kutoka Saint-Jean. Julai, tarehe 6 hadi 14, epuka kulala Pamplona: ni sikukuu ya San Fermín, ya kukimbizana na mafahali, na bei ya kitanda hukimbia nao.

Mwenye wiki moja tu aanzie Sarria, kilomita 115 hivi kutoka Santiago, inatosha kupata cheti. Vitanda ni vingi mno, swali ni lile lile, mvua ya Galicia, mkoa wa huko, ni bure.

Limebaki la mawakala. Wapo mjini wanaouza "kifurushi cha Camino" kwa shilingi, na ukikichambua unakuta wameongeza theluthi juu ya bei unayoiona mwenyewe mtandaoni, na usiku wa kwanza wamekupeleka Bayonne, kilomita 50 nyuma, kwa sababu hoteli ya huko inawalipa asilimia. Wakala akikutajia hoteli, muulize mambo mawili: jina la mtaa, na kama kuna duveti. Akisema iko Lourdes, "hapo hapo karibu", ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Malizia chai yake, uondoke na hela zako.