Salfa ya kuchanganya na maji dhidi ya ubwiriunga wa mwembe: uzoefu wangu

Nina miembe miwili nyuma ya nyumba, mmoja wa aina ya Kent na mwingine wa aina ya Tommy Atkins, na kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa nikiikinga na ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaoshika maua na majani machanga, kwa salfa ya kuchanganya na maji, ile yenye nguvu ya asilimia 80. Naipa nyota nne kati ya tano. Inafanya kazi vizuri sana, lakini kazi yake ni kukinga. Anayeinunua akitarajia ifufue maua yaliyokwisha kuwa meupe atakuwa ametupa fedha zake, halafu ataishia kuilaumu dawa isiyo na kosa. Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya joto, na hilo nitalieleza huko mbele.

Kwanza hakikisha unapambana na ubwiriunga kweli, maana nimeona watu wakipulizia salfa kwa tatizo jingine kabisa. Ubwiriunga huanza na viraka vyeupe kwenye vikonyo na vitumba, kisha viraka hukutana hadi shada zima likaonekana kama limekung'utiwa unga. Vitumba vilivyoshikwa havifunguki. Hugeuka kahawia, hukauka na kudondoka, shada likabaki vijiti vitupu. Embe changa ambazo hazijapita ukubwa wa gololi huwa njano na kuanguka, na chache zinazopona hubaki na makovu ya rangi ya kutu kwenye ganda. Majani machanga nayo hujikunja, na ukiyageuza mara nyingi unakuta weupe umefuata mshipa wa kati. Sasa, ukiona madoa meusi kwenye maua na majani wakati wa mvua, hiyo ni chule, ugonjwa mwingine wa kuvu. Ukiona weusi kama masizi unaofutika kwa kidole, huo ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu yanayotolewa na wadudu wafyonzaji, na wa kushughulikiwa hapo ni wadudu.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuelewa kwamba kuvu huyu hafanani na wengine. Wengi wetu tumezoea kuwa ukungu huja na maji, kwa hiyo miezi mikavu tunastarehe. Spora za ubwiriunga, yaani vijimbegu vyake vya kuzaliana, hazihitaji tone la maji ili kuota, na mvua kubwa huziosha na kuziharibu. Zinachopenda ni usiku wa baridi ya wastani, asubuhi zenye unyevu hewani, mawingu, na mchana usio na mvua wenye upepo wa kuzisambaza. Tazama ni lini mwembe huchanua, utaona hali hiyohiyo ndiyo inayoamsha maua. Ndiyo maana mti unaweza kuchanua vizuri hadi ukafurahi, na baada ya muda mfupi usiwe na kitu cha kuvuna. Hasara kwenye mti usiokingwa katika mwaka mbaya inaweza kula sehemu kubwa mno ya mazao.

Kuvu huyu pia anaishi kwenye sehemu hai za mmea tu. Anatandaza nyuzi zake juu ya ngozi ya ua au jani na kuingiza vifyonzeo vidogo ndani ya seli za juu. Maua yakiisha, hujificha kwenye majani na machipukizi yaliyoko ndani ya kivuli cha mti, akisubiri msimu ujao. Kwa kuwa sehemu yake kubwa iko juu ya ngozi, salfa inampata: inagusa spora zinapotua, na ule mvuke wake unafika hata pale ambapo matone hayakufika sawasawa. Lakini seli za ua zikishanyonywa hadi kufa, hakuna dawa ya kuzirudisha.

Nilichagua salfa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni historia yake. Wakulima wa mizabibu wa Ulaya walianza kuitegemea dhidi ya ubwiriunga wa zabibu katika miaka ya 1850, na hadi leo bado inatumika. Inamshambulia kuvu kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, hivyo ni vigumu kwake kujenga usugu. Dawa za kisasa zinazopenya ndani ya mmea, kama zile za kundi la triazoli, zina nguvu na zinaweza kusimamisha maambukizi machanga, lakini ukizirudia zenyewe tu msimu hadi msimu unamfundisha kuvu kuzistahimili. Ninaona zifae kuwekwa akiba kwa mwaka mbaya, tena kwa kupokezana na salfa. Sababu ya pili ni kwamba haya ni maembe ya watoto wangu, wanayoyachuma wenyewe mtini. Salfa hupuliziwa wakati wa maua, miezi kabla ya embe kuiva, na hilo linanipa utulivu wa moyo.

Kuhusu bidhaa yenyewe: inauzwa kwa sura mbili, unga laini na chembechembe zinazovunjika majini. Chukua chembechembe ukizipata. Unga laini unaruka unapoupima, unaingia machoni na puani, na huwa unagandamana kwenye maji. Pakiti yangu inaelekeza gramu 2 hadi 3 kwa lita moja ya maji, yaani gramu 30 hadi 45 kwa bomba la mgongoni la lita 15. Fuata lebo ya pakiti yako, kwa kuwa kipimo hutofautiana, na hakikisha mwembe umo kati ya mimea iliyotajwa. Mimi huikoroga kwanza na maji kidogo kwenye ndoo hadi iwe uji mwepesi, ndipo naimimina ndani ya bomba kupitia kitambaa. Bila kuchuja, nozeli inaziba katikati ya kazi. Salfa haiyeyuki, inaelea tu, hivyo bomba litikiswe kila baada ya muda, vinginevyo unaanza kwa kupulizia maji na kumalizia na tope. Ukimaliza, osha bomba na nozeli siku hiyohiyo. Salfa inakula chuma, ndiyo maana napendelea bomba la plastiki.

Harufu yake ni kali na inakaa kwenye nguo. Vaa miwani ya kufunika macho, barakoa, glavu na shati la mikono mirefu. Macho ndiyo yanayoumia zaidi, hasa unapopulizia juu na matone yanakurudia.

Muda wa kupulizia ndio roho ya kazi yote. Raundi ya kwanza naifanya shada likiwa limefika kama robo ya urefu wake, vitumba bado vimefunga na hakuna weupe wowote. Watu wananiuliza kwa nini nahangaika na mti mzima wa afya. Jibu ni kwamba kuvu akionekana kwa macho, tayari ameshatoa spora nyingi na upepo umezigawa. Raundi ya pili huja kati ya siku 10 na 21 baadaye. Asubuhi zikiwa za baridi na unyevu nasogea karibu na 10, jua likiwa kali na hewa kavu nasubiri. Mwembe ukichanua kwa mafungu, huu upande leo na ule baadaye, utalazimika kuongeza raundi kwa yale mashada yaliyochelewa. Embe zikipita ukubwa wa gololi naacha, kwa sababu kutoka hapo ngozi yao imekomaa vya kutosha kumzuia kuvu.

Matokeo? Mwembe wa Kent ndio unaoonyesha tofauti waziwazi, kwa sababu aina hiyo hushambuliwa sana, sawa na Alphonso. Kabla ya salfa mashada yake yalikuwa yakikauka karibu yote. Sasa yanabaki na rangi yake, yanafunguka, na yanashika matunda. Tommy Atkins ni mvumilivu kwa asili yake, hivyo sitasema dawa ndiyo iliyouokoa. Mwaka ambao ugonjwa ni mdogo, huachwa hata bila raundi ya pili na haudhuriki. Anayepanda mti mpya mahali penye ubwiriunga mkali aanzie hapo, kwenye aina ya mche. Tommy Atkins na Sensation zinastahimili kuliko Kent.

Naomba usikate tamaa ukiona embe changa nyingi zikidondoka hata baada ya kupulizia. Shada moja lina maua mamia, wakati mwingine maelfu, na mengi yao ni ya kiume yasiyoweza kuzaa. Mwembe wenyewe hupunguza matunda hadi unaoweza kuyalea. Kinachotenganisha anguko la kawaida na la ugonjwa ni weupe: okota embe chache zilizoanguka, chunguza vikonyo vyake. Vikiwa safi, mti unafanya kazi yake.

Sasa lile la joto. Salfa huunguza majani na maua halijoto ikipita nyuzi 32 za Selsiasi, na baridi ikizidi nayo inapoteza nguvu. Kwa mtu ambaye mwembe wake unachanua kipindi cha jua kali, dirisha la kupulizia ni dogo, na siku nyingine halipo kabisa. Hii ndiyo nyota niliyoinyima. Mimi hupulizia jioni jua likishapoa, na nikijua kesho itakuwa ya moto sana naahirisha. Jioni pia nyuki na nzi wameshaondoka mauani, na hao ndio wanaochavusha maembe yetu. Nzi wana kazi kubwa kwenye mwembe kuliko watu wanavyodhani. Tahadhari nyingine nzito: usichanganye salfa na mafuta yoyote ya kupulizia, yakiwemo ya mwarobaini, wala usiyafuatanishe kwa karibu. Acha wiki mbili au zaidi kati yake. Viwili hivyo vikikutana juu ya jani vinaliunguza. Na usizidishe raundi kwa hofu tu, kwa sababu salfa inaua pia wadudu wadogo rafiki wanaokula utitiri.

Urefu wa mti ni kikwazo ambacho hakuna pakiti itakayokuambia. Bomba la mgongoni halifiki kileleni mwa mwembe mkubwa, na kupanda mtini na dawa mgongoni ni hatari nisiyomshauri mtu yeyote. Nilinunua fimbo ya kurefusha yenye nozeli ya kupinda, na kwangu imekuwa na thamani kubwa kama dawa yenyewe. Pamoja na hiyo, kila baada ya mavuno napogoa: nashusha kilele kidogo kidogo, natoa matawi yanayobanana katikati, na nakata mashada makavu na yaliyovimba. Mwanga na hewa vikiingia ndani, kuvu anakosa pa kujificha. Mbolea ya naitrojeni naikwepa karibu na kuchanua, kwani huleta machipukizi laini ambayo ndiyo chakula chake. Kama mwembe wako ni mkubwa mno, kinga matawi unayoyafikia; matunda yake utayaona, hata kilele kikishindwa.

Ukiwa na mkorosho karibu, uangalie pia. Mkorosho ni ndugu wa mwembe, na wataalamu wa kuvu siku hizi wanauweka ubwiriunga wa miti hiyo miwili chini ya jina moja, Pseudoidium anacardii. Kwenye vitabu vya zamani ule wa mwembe utaukuta kama Oidium mangiferae. Mkorosho mgonjwa usiotunzwa ni ghala la spora kando ya maua yako.

Na kama maua yako hukutana na mvua nyingi, salfa peke yake haitakutosha. Mvua huiosha, na adui wako mkuu huenda ni chule, ambayo huzuiwa kwa dawa za shaba. Hapo soma lebo zote mbili kujua kama zinaruhusiwa kuchanganywa kwenye bomba moja. Pasipoelekezwa hivyo, mimi huzipulizia kwa siku tofauti. Salfa inayobaki ifunge vizuri, iweke pakavu, mbali na moto na watoto. Vumbi lake linashika moto upesi.