Waya gani ununue kwa vepu ya kudhibiti joto, hasa kama unaishi karibu na bahari

Rola ya waya ilikuja na karatasi imeandikwa SS316L (yaani stenlesi), geji 28 (unene wake), mita 10. Nilimtumia mwenye duka wa Kariakoo shilingi 18,000, akaipakia kwenye basi la usiku, asubuhi nikaifuata stendi ya Mtwara. Saa saba mchana koili (waya uliozungushwa) imefungwa, pamba inayonyonya kimiminika imekaa ndani yake, boksi lenye betri na chipu nimeliweka nyuzi 210. Mvuto wa tatu nikala pamba iliyoungua. Anayevuta anaijua ladha hiyo. Ni kama umelamba jivu la karatasi, inakaa kooni mpaka kesho yake, chai unainywa kama maji ya moto tu.

Mara ya kwanza nilitaka kuandika matusi matupu. Lakini kuna wasomaji wawili wa Lindi na mmoja wa Masasi wamenilalamikia jambo lilelile: wamewasha modi ya joto, inayotakiwa kuzuia koili isizidi nyuzi ulizoweka, na bado wanaunguza pamba. Basi tuelezane. Kama huvuti chochote, usianze kwa sababu yangu. Nikotini ni nikotini hata ikinukia embe. Haya ni ya tuliotoka kwenye sigara tukakwama hapa katikati.

Modi ya joto haina kipimajoto ndani ya tanki, kile chombo chenye kimiminika na koili. Chipu inapima ukinzani wa waya, yaani unavyozuia umeme, kwa omu, basi. Waya ukipata moto omu zake zinapanda, chipu inapiga hesabu kutoka omu za waya ulipokuwa baridi, halafu inakata umeme kabla pamba haijaungua. Hapo ndipo aina ya waya inapokuwa na maana. Nikeli omu zake zinapanda kwa takriban asilimia 0.6 kwa kila nyuzi moja, titani 0.35, stenlesi 316L 0.09 hivi. Kanthal, aloi ya chuma, kromiamu na alumini, omu zake hazipandi kiasi cha chipu kukiona, kwa hiyo kwenye modi ya joto Kanthal ni sawa na kuendesha gari lenye mshale wa mafuta uliokufa.

Miongozo mingi itakuambia uangalie ladha, waya unawahi kiasi gani kupata moto, unakunjika vizuri au la. Sigusi hayo. Mimi ni fundi simu, na kinachoninyima usingizi ni kitu ambacho wauzaji hawakitaji kabisa: omu zinazojificha kwenye maungio. Namaanisha skrubu zinazobana miguu ya koili, na ile pini ya katikati chini ya tanki. Huku Mtwara upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye droo. Simu za watu wa mtaa wa Shangani zinakuja kwangu tundu la chaji limeota ukijani, na pini za matanki mengi ni shaba yenye utando mwembamba tu wa madini mengine juu. Nilipofungua tanki langu jingine, lenye koili ya zamani, nikakuta duara la kijani pembezoni mwa pini. Nikachukua kifutio cha penseli, nikasugua, nikapitisha spiriti kwa kijiti cha masikio, nikarudisha. Koili ileile, sijagusa hata skrubu, ikashuka kutoka omu 0.16 hadi 0.14.

Omu 0.02 unaweza kuziona si kitu. Ziwekee hesabu. Uchafu haupandi omu ukipata moto, waya ndio unaopanda, lakini chipu inadhani vyote ni waya. Kwa hiyo inasubiri ongezeko kubwa kuliko waya unaoweza kulitoa kwenye nyuzi ulizoweka, na waya unazipita ndipo umeme ukatwe. Kwenye koili yangu ile, kuomba nyuzi 220 kulikuwa kunanipa karibu 250. Pamba gani itavumilia?

Sasa chukua omu 0.01 tu za uchafu, umeomba 220. Koili ya nikeli ya omu 0.1 inazidi kwa nyuzi 20. Titani ya omu 0.35 inazidi kwa 6. Stenlesi ya omu 0.5 inazidi kwa 4, na hapo mashabiki wa stenlesi wanaanza kupiga makofi. Wangoje. Kuna uovu wa pili, skrubu inayolegea baada ya chipu kukariri omu za baridi. Hiyo 0.01 ikija au ikiondoka katikati ya safari, stenlesi ya omu 0.5 inapotoka kwa nyuzi 22 kwa sababu omu zake zinapanda kidogo mno, kila chembe inaonekana tembo. Nikeli inapotoka kwa 17. Titani kwa 8.

Kwa hiyo namba moja yangu ni titani, gredi 1, geji 28 au 26, koili ya kati ya omu 0.3 na 0.4. Ndiyo waya pekee unaostahimili uchafu na ulegevu kwa pamoja, na mtu wa pwani ana vyote viwili. Ni mgumu kiasi, ukiukunja unakaa. Sharti lake ni moja na halina mjadala: usiuwashe mkavu mpaka uwe mwekundu. Titani ikipita kiasi inaota unga mweupe ambao hutaki kuuvuta, na waya mwembamba wa titani unaweza hata kushika moto wenyewe. Wale wenye mazoea ya kusafisha koili kwa kuiwasha kavu, tafadhali, titani si yenu. Ikichafuka ng'oa, funga nyingine.

Stenlesi 316L ni ya pili. Inastahimili kuwashwa kavu, na siku modi ya joto imekusumbua unahamia kwenye wati za kawaida na waya uleule. Ila ifunge juu, omu 0.5 au zaidi. Ile ya omu 0.15 ya kutoa mawingu ya kuziba chumba, omu 0.01 tu za skrubu zinaipotosha kwa nyuzi zaidi ya 70. Halafu mtu anasema chipu mbovu.

Nikeli ya tatu. Chipu ya DNA 40 ya Evolv, kampuni ya Ohio, Marekani, ndiyo iliyoitangaza modi hii mwaka 2014, na ilianza na nikeli, kwa hiyo heshima yake ipo. Lakini ni laini kama uzi, ukikaza skrubu unaikata mguu, na omu zake za baridi ni chache mno. Ukiwa na ngozi inayowashwa na hereni za bei rahisi, nikeli iache kabisa.

Kanthal na nikrome (aloi ya nikeli na kromiamu) nunua kama unavuta kwa wati tu, bila modi ya joto. Sina la kuongeza.

Kuhusu boksi nitasema wazi kwamba nina upande. Nachukua lenye chipu ya DNA 75C au DNA nyingine inayosoma programu ya EScribe kwenye kompyuta. Sababu ni ileile: EScribe inakuruhusu kuandika omu za boksi lenyewe ili chipu izitoe kwenye hesabu, na bodi ina kipimajoto chake. Maboksi mengi yanachukulia kwamba ulipofunga koili chumba kilikuwa na nyuzi 20. Nyuzi 20 ya wapi? Kibanda changu saa nane mchana kina 32, na tofauti hiyo inaongezwa moja kwa moja juu ya pamba yako. Kama boksi lako halina akili hiyo, funga koili alfajiri, liache dakika 10, ndipo ukubali omu mpya. Usikubali kamwe koili ikiwa na joto la mvuto uliopita.

Yale maboksi ya rahisi yaliyoandikwa TC (udhibiti wa joto) kwenye kasha bila sehemu ya kufunga omu za baridi, yaache dukani.

Sasa turudi kwa muuzaji wangu. Pini ya tanki lenye waya wake nayo niliisugua, lakini boksi bado lilikuwa halikati. Nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaisogeza kwenye rola. Waya ukarukia sumaku. Stenlesi 316L haishikwi na sumaku, au inavutika kidogo sana. Kanthal inashikwa vizuri. Nikapima mita moja kwa rula, nikagusisha ncha za mita ya umeme kwanza nijue nyaya zake zina omu ngapi nizitoe, kisha nikapima: omu 18. Mita moja ya geji 28 ya stenlesi 316L inatakiwa isome 9 na kidogo. Titani ni kama 6, nikeli 1 na ushee, nikrome 13 au 14. Kanthal ndiyo 18. Yaani jina la waya unalisoma kwenye mita ya shilingi elfu chache, karatasi ya rola haina kazi.

Nikampigia. "Kaka, hiyo ni orijino, wateja wa Dar wote wanachukua hiyo." Nikamtumia picha ya mita. Akaniuliza kama mita yangu ina betri nzima. Nikamtumia video ya sumaku. Akasema nirudishe mzigo, nauli juu yangu.

Hili ndilo linaloniuma kuhusu kununua ukiwa Kusini. Wanajua kurudisha kitu cha 18,000 kwa basi hakukulipi. Mwaka 2024, barabara ilipokatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, bei ya kila kitu kidogo huku ilipanda, na wengine wakasahau kuishusha barabara ilipounganishwa. Siku hizi nikiagiza waya namwambia muuzaji anipimie mita moja kwenye simu, nione skrini, ndipo nitume hela. Wawili kati ya watatu wanakata simu.

Rola ile sikuitupa. Jirani yangu anatengeneza makochi, nikamfungia kipande kwenye fremu ya mbao na adapta ya zamani, anakatia sponji. Anasema inakata kama siagi. Zimebaki mita nane na nusu.