CPAN baada ya miaka ya kuitumia: inachelewa, lakini naiamini

Kati ya maghala yote ya moduli niliyowahi kuyategemea kazini, CPAN ya lugha ya programu Perl ndiyo ninayoiamini zaidi, na si kwa wingi wa vilivyomo. Naiamini kwa sababu hainipi kitu kabla ya kukijaribu kwenye mashine yangu mwenyewe. Ukiandika cpanm Text::CSV_XS (cpanm ni programu ya kusakinisha, kinachofuata ni jina la moduli), programu inapakua kifurushi, inakijenga, kisha inaendesha majaribio aliyoyaandika mwenye moduli. Yakipita, inasakinisha. Yakishindwa, inagoma na kukutajia lilipo faili la build.log ukajisomee kilichotokea. Waliozoea pip ya Python na npm ya JavaScript hulalamika kwamba inachelewa. Kweli inachelewa. Hizo mbili zinakuwekea kifurushi bila kuendesha majaribio yake, na hitilafu kama ipo utakutana nayo mbele ya safari, pengine mteja akiwa anakutazama.

Ghala lenyewe lilianza 1995, miaka minane baada ya Larry Wall kuitoa Perl, kwa kuiga CTAN, ghala la watumiaji wa TeX, programu ya kupanga maandishi. Yeyote anaweza kuomba akaunti kwenye PAUSE, seva inayopokea kazi za waandishi, na akapakia moduli yake.

Nirudi kwenye Text::CSV_XS, maana hapo ndipo utaona faida ya kutumia kazi ya mwenzako. Kusoma faili la CSV, yaani jedwali ambalo safu zake zimetenganishwa kwa mkato, kunaonekana kazi ya mstari mmoja: kata kila penye mkato, split /,/, umemaliza. Inakwenda vizuri mpaka linapokuja faili lenye mteja anayeitwa "Juma, Asha na Wenzao". Jina moja linageuka safu mbili, na kila kilicho kulia kwake kinasogea: simu inakaa penye anwani, deni linakaa penye simu. Ukishatibu hilo, utakutana na nukuu ndani ya nukuu, kisha anwani iliyokatwa na mstari mpya katikati. Moduli hii inayajua yote. Weka binary => 1 ikubali mistari mipya ndani ya nukuu, na auto_diag => 1 ili kosa likitokea ikwambie yenyewe. Kuna mtu aliyeshahangaika na vituko hivyo vyote, na majaribio yake yanakuja pamoja na msimbo.

Kitu cha pili ninachokithamini ni CPAN Testers. Hawa ni watu wa kujitolea ambao kompyuta zao hupakua kila toleo jipya, zikaliendeshea majaribio na kutuma ripoti: PASS au FAIL, mfumo gani wa uendeshaji, Perl toleo gani. Mwandishi anayefanyia kazi Linux tu anajua hali ya moduli yake kwenye Windows au FreeBSD bila kumiliki mashine hizo. Perl 5.18 ilipotoka 2013, mpangilio wa funguo za hashi (orodha za jozi za ufunguo na thamani) ulifanywa wa nasibu zaidi, na moduli zilizokuwa zikitegemea mpangilio ule ule kila mara zikaanza kuanguka majaribio. Ripoti zilionyesha wazi ni zipi. Mimi huzifungua ripoti hizo kwenye MetaCPAN, tovuti ya kutafutia moduli, kabla hata ya kusoma maelezo ya moduli. Nyekundu ikizidi upande wa toleo ninalotumia, naenda kwingine.

Maelezo nayo hayana mchezo. Yanaandikwa ndani ya faili lile lile la msimbo, kwa hiyo amri ya perldoc inakuonyesha hata intaneti ikiwa imekatika, na sehemu ya SYNOPSIS ni mfano unaoweza kuunakili ukaanza nao.

Sasa kero. Kuchagua ni mtihani. Tafuta moduli ya JSON, muundo wa kubadilishana data, utapata JSON::PP, JSON::XS, Cpanel::JSON::XS na JSON::MaybeXS, halafu ujiulize tofauti ni nini. (Ya kwanza inakuja na Perl yenyewe lakini ni ya polepole, ya mwisho inakuchagulia ya kasi kama ipo. Mimi hutumia hiyo.) Moduli zenye XS, yaani zenye sehemu iliyoandikwa kwa lugha ya C, zinahitaji kikusanyaji (compiler) cha C, na kwenye seva iliyopunguzwa kila kitu hapo ndipo unapokwama. Pia kuna utani mwingi chini ya jina Acme, kama Acme::Bleach ya Damian Conway inayogeuza programu yako kuwa nafasi tupu na bado ikafanya kazi. Huo sihesabu kuwa kero.

Kinachoudhi hasa ni yatima, moduli zilizoachwa na waandishi wao. Kuna moduli moja, sitaitaja, niliyokuwa naihitaji huku mwandishi wake kanyamaza kabisa: marekebisho yaliletwa na watu watatu tofauti na hakuna hata moja lililoingizwa. PAUSE ina utaratibu wa kukabidhi moduli kwa mtunzaji mwingine, na zinazotafuta mlezi huwekewa alama ya ADOPTME, lakini lazima ajitokeze mtu wa kubeba mzigo. Hakuna aliyejitokeza, tukabaki na nakala yetu tuliyoiziba wenyewe. Angalau msimbo haupotei: mwandishi akifuta toleo, BackPAN, kumbukumbu ya matoleo ya zamani, hulihifadhi. Wa npm walilikumbuka hilo 2016, moduli ya left-pad yenye mistari 11 ilipoondolewa na miradi kibao ikashindwa kujengwa.

Usalama usiuchukulie poa. Hakuna anayekagua msimbo kabla haujapokelewa PAUSE, na CPAN.pm, kisakinishi kinachokuja na Perl, kabla ya toleo 2.35 haikuwa ikithibitisha vyeti vya TLS vinavyohakikisha kuwa seva ni ya kweli, hivyo isasishe kwanza.

Kama huna ruhusa za msimamizi kwenye seva, moduli ya local::lib inaweka kila kitu ndani ya saraka yako. Kwa kazi ya timu andika cpanfile, orodha ya moduli mnazohitaji, na utumie zana ya Carton, ili wote mpate matoleo yale yale. Na ukishawishika kuongeza --notest, inayoruka majaribio, uokoe dakika, iwe ni kwa toleo ambalo limeshapita majaribio kwenye mashine ya aina ile ile.