Geant4: nyota nne, ya tano nimeizuia kwa makusudi

Geant4 ni programu ya kompyuta ya kuigiza safari za chembe ndogo za fizikia, nayo ni ya bure. Kwa mwalimu wa skuli anayesoma shahada ya pili jioni, hilo peke yake ni neema. Ilitoka mara ya kwanza Desemba 1998, imeandikwa kwa C++, na kazi yake ni kuifuata kila chembe ndani ya kitu na kuipigia kura ya bahati nasibu kila hatua: igonge, itawanyike au ipite?

Mimi nimeitaka kwa matukio ya usuli, yale ambayo kigunduzi cha chembe kinayaona na wewe huyataki. Ni kama makonyo kwenye jamvi la karafuu, ila makonyo yanajulikana kwa macho, na haya yana sura ileile ya unachokitafuta. Chukua jaribio la DAMA, kule Gran Sasso, Italia, wanaodai kuona dalili ya maada nyeusi (maada isiyoonekana inayodhaniwa kujaa ulimwenguni) kwenye fuwele za iodidi ya sodiamu, kati ya keV 2 na 6 (keV ni kipimo cha nishati). COSINE-100 ya Korea Kusini na ANAIS ya Hispania wakaweka fuwele za aina hiyohiyo ili wahakiki. Balaa ni potasiamu iliyojificha ndani ya fuwele. K-40, yaani potasiamu yenye mnururisho, ikinasa elektroni hutoa gama (mnururisho wenye nguvu) ya keV 1,461 pamoja na vumbi la nishati la keV 3.2. Gama ikitoroka, inabaki 3.2 peke yake, palepale panapogombaniwa.

Zinatoroka ngapi? Inategemea umbo na ukubwa wa fuwele, na hapo ndipo programu inapoonesha umahiri. Nikajenga fuwele, nikatia potasiamu, mistari ya kijani, yaani gama, ikachomoka pembeni kwenye skrini. Mdogo wangu akachungulia: "Dada, tivii imeharibika?" Nikaizungushia fuwele yangu nyingine, na gama nyingi zilizokuwa zikitoroka zikanaswa na jirani. Tukio linalowasha fuwele mbili kwa pamoja unalitupa, kwani hiyo si maada nyeusi. Raha tupu!

Sasa lawama. Ukianzia B1, mfano wa mazoezi unaokuja na programu, na QBBC yake (orodha ya kanuni za fizikia inazozifuata), potasiamu itakaa kimya, haiozi, na hakuna atakayekuambia. Chagua orodha iitwayo Shielding. Matoleo ya karibuni nayo yana kikomo cha muda, kinachoacha nje viini vinavyochelewa mno kuoza, na nusu-uhai wa K-40 ni miaka bilioni 1.25, kwa hiyo lazima ukiinue kikomo hicho kwa amri. Nilipotaka kuuingiza ukuta wa nyumba yetu ya Mji Mkongwe, nikakuta kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo jiwe la matumbawe, kwenye orodha ya vifaa vya programu ina gramu 2.8 kwa sentimita ya ujazo. Jiwe letu la matumbawe lina matundu, jepesi zaidi; nikaandika la kwangu.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu programu haiulizi ulichosahau. Usipotia radoni, gesi ya hewani yenye mnururisho, itakupa jibu safi, lenye mchoro mzuri, na si kweli.

Uvumilivu pia unahitajika: matukio 10,000 yaliyopita kichujio yanakupa kosa la takwimu la asilimia 1, ukitaka nusu yake unahitaji 40,000, na laptopu inakuwa pasi. Faili za data zinazidi gigabaiti moja, basi pakua usiku kwa bando la usiku. Na umeme wetu mnaujua: washa amri ya kuhifadhi mbegu za nambari nasibu (namba zinazoanzisha ile bahati nasibu) kabla hujaanza, ukikatika uendelee ulipoishia.