Inglishi midiam ya kutwa hapa Mtwara mjini, maoni ya mzazi (nyota 3 na nusu kati ya 5)

Kila ikifika mwezi wa kumi simu yangu haitulii, ndugu na majirani wanauliza mtoto nimpeleke wapi mwakani, ile shule ya wanao ikoje, ada sh ngapi, wanapiga? Sasa naandika yote mara moja. Jina la shule siweki mana kuna mabaya ntayasema na sitaki kumharibia mtu riziki, ila ni inglishi midiam ya kutwa hapahapa manispaa, awali mpaka la saba. Wangu mkubwa yuko la tatu, mdogo wake awali.

Nianze na hela. Ada ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka, chakula kimo ndani, basi unalipia pembeni. Kwa huku kwetu hiyo sio hela ndogo. Ila kuna jambo wamelifanya ambalo limenifurahisha sana, wanamwelewa mzazi wa korosho. Mwenye mshahara awamu nne anaziweza, lakini mtu wa Newala au Tandahimba aliyempangia mama yake chumba mjini ili watoto wasome, yeye hela yake inaingia minada ikianza Oktoba mpaka Desemba huko, ikifika mwezi wa sita hana kitu na mikorosho inadai dawa ya salfa. Hapa ukilipa sehemu kubwa kabla ya shule kufungwa Desemba, iliyobaki wanaisubiri msimu ujao, na malipo ya korosho kutoka chama cha msingi cha ushirika yakichelewa kuingia benki unaenda kwa mhasibu mapema mnaandikishana, mtoto harudishwi nyumbani. Mtoto kurudishwa na begi mgongoni saa mbili asubuhi mbele ya wenzake ni kitu kibaya sana jamani, hapa sijakiona.

Kufundisha wanafundisha. Darasa la mkubwa wangu wako thelathini na kidogo, mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina. Kusoma safi, kingereza anaongea mpaka anamfundisha baba yake, hesabu ndo ziko nyuma kidogo na hapo ndo nataka niwaambie kuhusu Jumamosi ya madaftari.

Hii ndo sababu hasa mimi nipo pale. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mzazi unakuja unakaa kwenye kiti cha mwanao, madaftari yake yote yako mezani, mtoto mwenyewe anakufungulia, na walimu wa masomo wanapita meza kwa meza. Hakuna hotuba hakuna mgeni rasmi. Kuna mwezi nilikuta daftari la hesabu kurasa zote tiki tupu, nikafurahi, af nikamwambia mwanangu haya nifanyie hii ya kugawanya hapa pembeni bila kuangalia, akakwama kabisa. Mwalimu alikuwa amesimama palepale. Hakukasirika, akasema ukweli kwamba zile zilifanywa ubaoni darasa zima likanakili. Kuanzia wiki ile akawa anawabakisha watoto kama saba hivi baada ya vipindi, bure, na mwezi uliofata nikaona maksi mbaya ila za kwake mwenyewe, 4 kwa 10, 6 kwa 10, nikaridhika kuliko zile tiki. Ripoti ya muhula isingeniambia hicho kitu. Na wababa mnaosoma hapa njooni basi, chumba kizima tunakuwaga mama na mabibi, wababa wawili watatu, na ukiwaangalia watoto ambao baba kaja siku hiyo utaona wanavyokaa.

Lingine zuri ni jando na unyago. Kila mtu wa huku anajua likizo ya mwezi wa sita ndo msimu wenyewe, na shule zikifunguliwa Julai viti vinakuwa vitupu wiki nzima na zaidi. Mkuu wa shule hakutukana mila za watu. Aliita wazazi mwezi wa tano na makungwi wakakaribishwa wakae nao, akawapa tarehe ya kufungua, akawaomba mwali atoke kabla ya hapo. Wakakubaliana vizuri tu, na watoto walirudi karibia wote. Mtu ukimheshimu anakusikiliza.

Sasa mabaya, na hili moja linaniuma mnoo.

Mawasiliano yote na mzazi ni kingereza kitupu. Lile daftari la kila siku ambalo mwalimu anaandika na mzazi anasaini, kingereza. Barua za kikao, kingereza. Ripoti, kingereza. Huku kusini watoto wengi wanalelewa na bibi, mama yuko Dar anatafuta, baba yuko shamba, bibi ndo anaamsha, anaogesha, anamsindikiza kwenye basi. Bibi huyo Kiswahili anasoma vizuri, msahafu anasoma, ila ile karatasi akiletewa anachoweza ni kusaini tu. Kuna bibi jirani yangu, mjukuu wake mwalimu aliandika kwenye daftari siku kadhaa mfululizo kwamba mtoto haoni ubaoni apelekwe akapimwe macho, na chini yake kuna saini ya bibi kila jioni. Mimi ndo nilikuja kuisoma kwa bahati nimeenda kuomba chumvi. Mtoto akapelekwa hospitali ya Ligula akapimwa, leo ana miwani na anasoma. Halafu kwenye kikao mwalimu anasimama anasema wazazi hamfatilii maendeleo ya watoto wenu, na yule bibi amekaa mbele pale kavaa khanga yake nzuri kaja kwa mguu anaangalia chini. Iliniuma kweli.

Nilimfata mkuu nikamwambia, akanijibu kwamba wazazi wamelipia kingereza. Mzee wangu namheshimu lakini hapana, aliyelipiwa kingereza ni mtoto, bibi yeye anatakiwa ajue tu mtoto anaumwa macho. Kingereza cha darasani hakitapungua hata neno moja kwa barua ya nyumbani kuandikwa Kiswahili.

Mengine ni madogo. Kuna kazi za mikono wanazopewa watoto za kutengeneza vitu ambazo zinaishia kufanywa na sisi saa nne usiku, waziache. Na kundi la wasap la darasa limekuwa la michango na kutakiana Ijumaa njema, ukiuliza swali la somo linapotea.

Kuhusu ufaulu, msiangalie bango la getini la asilimia mia. NECTA, baraza la mitihani, tangu Januari 2023 hawatangazi tena shule kumi bora, ila matokeo ya kila shule yapo kwenye tovuti yao. Fungua ya darasa la nne, hesabu watahiniwa, kisha fungua ya la saba miaka mitatu mbele hesabu tena. Ukiona waliingia 40 wakatoka 22 jiulize wale wengine wameenda wapi, mana serikali imeshakataza mtoto kuondolewa au kukaririshwa kwa sababu ya wastani ambao shule imejiwekea yenyewe lakini kuna wanaofanya kimyakimya. Hii yetu nimeangalia, hazipishani sana.

Na kwa ambaye ada hii haiwezi asijione amemnyima mtoto kitu. Mtoto wa dada yangu yuko shule ya msingi ya serikali kule Mikindani, wamejaa kwelikweli, tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa hayatoshi na ruzuku ni elfu 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, utafanyia nini elfu 10. Lakini kamati ya shule yao iko hai, wazazi wamekubaliana mahindi ya uji kila nyumba, mapato na matumizi yamebandikwa ukutani, na kikao kinaendeshwa Kiswahili, mabibi wanasimama wanahoji mpaka mwalimu mkuu anatoa kalamu anaandika. Kwenye kumsikiliza mzazi wamewazidi hawa wangu ninaowalipa, nasema ukweli. Kinachonibakisha huku ni fomu wani, mtoto aliyesoma kila kitu kwa Kiswahili miaka yote anakuta masomo yote yamegeuka kingereza siku moja, na dada yangu hilo analiwaza kila siku.

Kwaiyo mwakani wangu wote wawili wanabaki. Ukitaka kuiona nenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuanzia saa tatu, hata kama huna mtoto pale mwambie mlinzi unatafuta nafasi atakuruhusu, kaa nyuma ya darasa uangalie. Usaili wa la kwanza unaanza mwezi wa tisa mpaka Novemba. Na sisi wazazi wa la tatu tumeshapeleka barua kwa bodi kuomba daftari la nyumbani liandikwe Kiswahili kuanzia Januari, mabibi wamesaini wote. Wakikubali ntakuja kuongeza nyota.